Sura ya Nane: Shanga Juu ya Pamba

Kabla binti hajapelekwa mahakamani, Inspekta aliomba afunguliwe tena kile chumba.

Ilikuwa Jumatano alasiri. Daktari, mtaalamu wa mimea aliyeianzisha maabara ile pamoja na dada yake, alikutwa Jumatatu asubuhi amelala sakafuni, ameshakufa, na jeraha juu ya sikio. Kona ya meza ya chuma ilikuwa na damu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Chumba kile kilikuwa na funguo mbili tu: mmoja ulikutwa mfukoni mwa marehemu, wa pili ulikuwa wa fundi wake wa maabara, binti mkimya ambaye mlinzi alimsikia akigombezwa na Daktari Jumamosi mchana mpaka akatoka analia. Ufunguo, ugomvi na machozi. Mkuu wa kituo aliona vinatosha. Kesho asubuhi Fundi angesomewa shtaka la mauaji.

Inspekta alisimama mlangoni, akavua kofia, akanyamaza kidogo. Ndivyo alivyofanya kila alipoingia mahali alipofia mtu. Kisha akavua viatu, kwa sababu tangazo ukutani lilikataza viatu vya nje.

Koplo alivua vyake shingo upande. Kidole gumba kilikuwa kimechungulia kwenye soksi.

"Ungeniambia mapema, afande, ningeazima soksi za mke wangu."

"Acha kidole. Tazama meza."

Juu ya meza palikuwa na kisu chembamba, koleo ndogo, taa ya spiriti iliyozimika na sahani ya kioo iliyoachwa wazi. Ndani ya sahani mlikuwa na vipande vya kijani, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, vimekauka na kujikunja. Pembeni lilikuwapo bomba la sindano, nusu limejaa uji mzito uliokwisha kushika ukoko mdomoni. Mbele ya bomba palikuwa na bakuli la maji maangavu.

"Unaona nini?"

"Mtu alikuwa kazini akakatizwa."

"Akifanya kazi gani?"

"Hapo ndipo mwisho wangu, afande. Mimi sayansi niliishia kuotesha maharage kwenye kopo. Tena yaliota ya mwenzangu."

Inspekta alikuwa amemuuliza mtaalamu mmoja kwa simu asubuhi ile, na aliyaeleza kama alivyoyaelewa. Ndizi tunayokula haina mbegu ya kupanda. Mkulima hupanda chipukizi alilong'oa shambani, na ugonjwa wa mgomba mama huja nalo. Daktari alikuwa akiotesha migomba ndani ya chupa, mahali pasipo na vumbi wala wadudu. Akishapata machipukizi ya kutosha, alikata ncha zake, akazichanganya na uji uliotengenezwa kwa mwani, kisha akadondosha tone moja moja ndani ya maji yenye kalsiamu. Kila tone likigusa maji yale hushikamana, likawa kitufe cha jeli chenye ncha ya mgomba ndani yake. Vitabuni huitwa mbegu sanisi, yaani za kutengenezwa. Wafanyakazi wa pale waliziita shanga.

"Basi amedondosha nusu bomba," Koplo alisema. Aliinama juu ya bakuli. "Shanga zenyewe ziko wapi? Humu kuna maji matupu."

Inspekta alitoka mpaka ukumbini, akafungua jokofu. Polisi walikuwa wamelifungua Jumatatu, wakaona chupa na sahani, wakalifunga. Safari hii alitoa kitu kimoja kimoja. Rafu ya chini, nyuma ya chupa za maji, palikuwa na sahani pana iliyofunikwa. Aliinua mfuniko. Shanga zilikuwa zimelazwa kwa mistari juu ya tabaka la pamba mbichi, na katika kila moja palikuwa na doa la kijani.

"Mama yangu," Koplo alisema polepole. "Zinatutazama kama macho ya samaki."

Inspekta alivaa glavu, akaubonyeza ushanga mmoja. Ulibonyea kama zabibu, ukarudi.

"Ni laini," alisema.

"Zisiwe laini?"

"Zikiachwa kwenye yale maji huzidi kukaza. Zikikaza mno, chipukizi halitoki tena. Daktari wa hospitali amesema nini kuhusu jeraha?"

"Kwamba damu ilivujia ndani ya kichwa kidogo kidogo. Kwamba baada ya pigo lile angeweza kukaa, hata kusema, lakini mikono isingekuwa yake."

"Basi asingeweza kuzitoa mwenyewe, akazisuuza, akazipanga mistari."

Koplo alikuna shingo. Tangu Jumatatu alikuwa na mtu wake, dalali wa miche aliyefukuzwa na Daktari wiki iliyopita kwa kuuza miche ya kuokota kwa jina la maabara. Alikuwa amemfuatilia kila kona, na hakupenda kumwachia.

"Dalali wangu je?"

"Dalali wako angezibeba. Na mtu mwenye chuki angeziacha ziharibike. Huyu wetu alikuwa na mtu chini sakafuni, akaona kwanza aziwahi hizi. Azilaze kama mtoto."

"Hapo unamkaanga Fundi, afande. Nani mwingine anayejua kuzilaza?"

"Twende tukamuulize."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ambayo mguu wake mmoja uliwekewa kipande cha boksi ili isiyumbe. Fundi aliketi nyuma yake, mikono imekunjwa mapajani. Alikuwa na plasta kwenye kidole cha shahada, ukumbusho wa kisu cha kazini. Inspekta alimsogezea bilauri ya maji, akangoja anywe.

"Jumamosi Daktari alikugombeza nini?"

"Chupa zangu ziliota ukungu, afande. Nyingi. Aliniambia nina mikono ya mpishi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hata mpishi Jumamosi mchana hupumzika."

Koplo alikohoa ili asicheke. Binti mwenyewe midomo ilitaka kufunguka, ikajifunga.

"Ndilo neno la mwisho nililomwambia," alisema. "Mtu aliyenishika mkono nikiwa sijui kushika hata koleo."

Inspekta aliweka simu yake mezani, picha ya meza ya maabara ikiwa wazi.

Fundi aliitazama kwa muda. "Alikuwa anatengeneza shanga. Za ule mgomba." Akaikuza picha kwa vidole. "Nani amezitoa?"

"Nilitaka kukuuliza wewe."

"Bakuli lina maji tu na bomba lina uji. Daktari haachi kazi katikati. Akishaanza kudondosha, hata simu haipokei." Alinyanyua macho. "Ziko wapi, afande?"

Inspekta alifungua picha ya pili, ya jokofu. Binti aliikodolea, uso ukabadilika. Hofu haikuwamo. Alionekana kama mtu aliyekuta chumba chake kimepangwa na mgeni.

"Pamba?" alisema.

"Kuna ubaya gani?"

"Nyuzi zake hunasa kwenye jeli, halafu ukungu unapanda hapo hapo. Sisi tunaziweka moja kwa moja kwenye chupa zenye chakula cha mimea. Chupa zilikuwa tayari, Daktari alizipanga mwenyewe. Tangu niingie pale sijaona pamba mezani, ipo kwenye sanduku la huduma ya kwanza tu."

"Kwa hiyo si wewe."

"Kama ningekuwa mimi zingekuwa kwenye chupa."

Alilisema bila kujitetea, kama mtu anayesahihisha hesabu. Inspekta alimwamini, lakini aliendelea kuuliza. Kuamini si ushahidi.

"Ufunguo wako hukaa wapi?"

"Mfukoni mwa koti, na koti hukaa msumarini kwenye chumba cha kubadilishia. Koti halitoki nje ya maabara."

"Jana hukusema hivyo."

"Nilisema, afande. Aliyekuwa akiandika aliniambia nijibu ninachoulizwa."

Koplo aligeuka akatazama dirisha, ingawa dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao.

"Umesema shanga za ule mgomba. Mgomba gani?"

Fundi alivuta pumzi. Alieleza taratibu, akichagua maneno. Majuma machache nyuma, Daktari aliona miche ya baadhi ya wateja imedumaa, majani yamesimama wima na kubanana kama ufagio. Akaipima migomba mama, ile iliyokuwa chanzo cha kila chupa. Ilikuwa na virusi. Chupa huzuia vumbi na ukungu, lakini virusi vikiwa ndani ya mgomba mama vinaingia pamoja nao. Kila mche waliouza karibuni ulitoka pale.

"Mgomba mmoja tu ulipimwa ukaonekana safi. Akasema ataokoa huo kwa shanga, na mingine yote ataichoma. Halafu angewaita wakulima awaambie ukweli. Shanga zile zikifa, afande, ndizi ile imekwisha kwetu."

"Nani alijua?"

"Mimi na yeye. Dada yake, Dada Mkubwa, alikuwa hajaambiwa. Daktari alisema huyo atamwambia yeye mwenyewe, kwa kuwa maabara ni mtoto wake pia."

Inspekta alisimama. Mlangoni binti alimwita.

"Afande. Pamba ile ikikauka, ziwekewe maji yaliyochemshwa yakapoa. Ya bomba yataziua."

*

Nyumba ya familia ilikuwa ndani ya ua ule ule wa maabara, nyuma ya vitalu vya miche. Viti vya wafiwa vilikuwa bado vimepangwa kuzunguka sebule, ingawa waliobaki ni wanawake wawili wa ukoo tu. Dada Mkubwa aliwaomba wakaangalie chai jikoni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mtandio mweusi, mwenye sauti iliyozoea kutulia mbele ya wageni.

"Mmekuja kuniambia amekiri?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Nimekuja kukuuliza juu ya mdogo wako. Nimesoma habari za kifo chake tu. Sijui alivyoishi."

Dada Mkubwa aliketi. Labda siku zote hizi hakuna aliyemuuliza hilo.

"Alikuwa mbishi," alisema. "Tangu utotoni. Mama yetu alimwita Hakimu, maana ukimgawia kidogo atakuhukumu mpaka jioni. Aliporudi na shahada akasema ataotesha migomba ndani ya chupa, ukoo mzima ulimcheka. Mimi nikampa jiko langu."

"Jiko?"

"Jiko hili hili. Tulizichemsha chupa kwenye sufuria la maharusi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuja kutafuta chakula akakuta migomba." Alitabasamu, na kwa mara ya kwanza alionekana ana umri wake. "Shanga za kwanza tulizitengenezea mezani pale. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha, hawezi kudondosha na kutoa kwa wakati mmoja. Tukagawana. Yeye anadondosha, mimi natazama maji, natoa, nasuuza, nalaza. Akaniambia, dada, wewe una jicho, unajua wakati wake bila saa."

"Mlizilaza kwenye nini? Chupa za chakula mlikuwa nazo?"

"Tutoe wapi? Nilikuwa nachukua pamba zahanati, nailowesha..."

Aliacha. Jikoni kijiko kiligonga bilauri.

Inspekta hakufanya haraka. Alitoa simu, akaiweka juu ya meza ndogo, picha ya jokofu ikiwa juu. Dada Mkubwa hakuichukua. Aliitazama kutoka alipokaa, jinsi mtu anavyotazama mwandiko wake mwenyewe.

"Fundi hajui kuzilaza kwenye pamba," Inspekta alisema. "Mdogo wako alikuwa ameshapanga chupa. Ufunguo ulikuwa kwenye koti msumarini, na wewe unajua msumari ule kuliko sisi wote."

Koplo alisogea mlangoni. Inspekta alimwonyesha kwa kiganja abaki alipo.

"Jumamosi alikwambia habari za virusi."

"Alinipeleka kule ndani akanieleza huku akifanya kazi," Dada Mkubwa alisema. Sauti ilikuwa imebaki ile ile, lakini chini zaidi. "Kana kwamba ananipa habari za mvua. Kwamba tumeuza ugonjwa. Kwamba atachoma kila kitu na kuwaita watu awaambie. Nikamwomba angoje. Nikasema tuichome kimya kimya, tuanze upya, jina letu libaki. Watu wale huniamkia njiani, Inspekta. Wananiita mama wa migomba. Akasema, dada, jina lililobaki kwa kunyamaza si jina. Hakunitazama hata usoni. Alikuwa anatazama tone lake."

"Ukafanya nini?"

"Nikamsukuma. Nilitaka anitazame." Alikunja ncha ya mtandio, akaikunjua. "Aliteleza na zile soksi. Nikasikia kona ya meza. Akaketi sakafuni, mkono kichwani. Nikamwuliza umeumia? Akasema kichwa kinazunguka, kitapita. Halafu akaniambia, dada, zitoe, zitakaza."

Alitazama viganja vyake.

"Nikajua ni mzima. Mtu anayewaza shanga ni mzima. Nikazitoa. Nikasuuza kama zamani. Sikuona chupa, wala sikuzitafuta, mikono ilikwenda yenyewe kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Pamba ilikuwamo. Nikazilaza, na hasira ilikuwa imenitoka. Nilikuwa naona tumerudi jikoni. Nikageuka nimwonyeshe." Alishika tena ncha ya mtandio. "Alikuwa amelala."

"Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo. Nikadhani amepitiwa na usingizi."

Inspekta alimtazama tu.

"Hapana," akasema Dada Mkubwa. "Sikudhani. Nilitaka kudhani. Alikuwa anakoroma vibaya. Nikasema nikiita watu wataniuliza. Nikatoka, nikaweka sahani kwenye jokofu, nikafunga mlango kwa ufunguo wa kwenye koti, nikaurudisha."

"Kwa nini ulifunga?"

"Chumba kile hakiachwi wazi. Vumbi linai..."

Alijisikia mwenyewe. Akaweka kiganja mdomoni. Mmoja wa wale wanawake alitokea na sinia la chai, akaona nyuso zao, akarudi jikoni kinyumenyume.

"Kama ningeita gari," Dada Mkubwa alisema mwishowe, "angepona?"

"Angefika hospitali angali hai. Zaidi ya hapo daktari hakuthubutu kusema, na mimi siwezi."

"Asante kwa kutonidanganya."

"Na yule binti, Mama?"

"Kila siku nilisema nitakwenda. Nikipiga magoti kusali, nasema Baba, kisha sina la pili. Nimesali maisha yangu yote, Inspekta. Sikujua kama mdomo unaweza kukataa." Alinyanyuka. Alipanga viti viwili vilivyokaa upande, akazima taa ya sebule ingawa kulikuwa bado na mwanga nje. "Anasomewa kesho?"

"Asubuhi."

"Basi twende leo."

Koplo aligusa pingu kiunoni. Inspekta alitikisa kichwa. Walitoka wote watatu kwa miguu mpaka kwenye gari, wakipita katikati ya vitalu vya miche iliyosimama mistari kwa mistari, mibichi, yenye kupendeza macho. Dada Mkubwa hakuitazama.

*

Kwenye benchi la mapokezi ya kituo alikuwa ameketi mama yake Fundi, mwanamke mfupi aliyeshika bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa akija na bakuli lile kila siku, na kila siku alirudishwa nalo nusu. Alipomwona Dada Mkubwa akiingia na polisi wawili alisimama upesi, akaliweka bakuli chini.

"Dada yangu," alisema, akamshika mikono yote miwili. "Nimeshindwa kuja msibani. Nilikosa uso. Lakini pole, pole sana. Mwanangu hakumuua mdogo wako, naapa mbele ya Mungu. Lakini pole."

Dada Mkubwa hakuivuta mikono yake. Koplo alitazama sakafu.

"Pole ni yako wewe," Dada Mkubwa alisema. "Mimi ndiye niliyemsukuma. Mwanao hana hatia, na nilijua tangu Jumamosi."

Yule mama alibaki ameishika mikono ile, kama hajasikia. Kisha vidole vikaachia, kimoja baada ya kingine. Aliinama akaokota bakuli lake, akalipangusa vumbi, akaketi tena kwenye benchi akitazama mlango wa mahabusu.

Inspekta alikwenda mapokezi akaomba funguo. Korido ilikuwa fupi. Fundi alisimama aliposikia chuma, mgongo ukutani, akidhani wamekuja kumpeleka.

"Toka, binti," Inspekta alisema. "Mama yako yupo nje."

Nyuma yake Dada Mkubwa alikuwa amefika, Koplo akiwa kando. Mlango ulikuwa mwembamba, hauwezi kupitisha watu wawili. Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Dada Mkubwa akarudi hatua moja nyuma, akajibana kwenye ukuta wa korido, akangoja binti apite kwanza.